Ephantus Gachau Githae na Picha Zilizokataa Kufunguka

Mchungaji, wazee wetu, jamaa wa Gatuanyaga na ninyi mliotoka Bungoma kusimama na Nelima, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, na inayasoma kwa kujivunia.

Ephantus Gachau Githae alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 huko Gatuanyaga, mtoto wa tatu wa mzee Simeon Githae na mama Wangeci, akasomea shule ya msingi pale pale, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1990, na mwaka wa 1992 akaajiriwa katika studio ya picha mjini Thika.

Tarehe 4 Desemba 1999 alifunga ndoa na Nelima katika kanisa moja la mtaa wa Landless, Thika, na wenzake wa studio wakapiga picha, wakazihifadhi kwenye diski bila kuzichapisha, kwa aina ya faili iliyojulikana na mashine yao peke yake. Mungu aliwajalia Maxine na Ronny. Studio ilipofungwa mwaka wa 2004 negativu, yaani filamu zenyewe, zilitupwa, mashine ikafa, na Nelima akabaki mke wa mpiga picha asiye na hata picha moja ya harusi yake, jambo ambalo hakulinyamazia.

Gachau alizibeba diski zote, akafungua duka Ruiru mwaka wa 2005, akajifundisha kuzigeuza faili zile ziwe picha za kuonekana kwa simu yoyote. Ya kwanza ilitokea kichwa chini miguu juu, kwa kuwa mashine ile iliandika picha kuanzia chini, na yeye kwa furaha akapindua skrini badala ya picha, akamwita mteja aje aone. Rangi nazo zilikuwa zimepotea, nyuso zikatoka kijani, kwa hivyo hakumkabidhi mtu picha kabla ya kumketisha na kumuuliza sweta ilikuwa rangi gani, na mama alikuwa mweusi au maji ya kunde. Watu walitoka Kiandutu, wengine Kitale, wakarudi nyumbani na nyuso za wazazi wao. Diski ya harusi yake ilikuwa imeharibika kuliko zote, naye aliiweka kando akisema mteja kwanza, mpaka Nelima akamwambia hata yeye ni mteja.

Mwaka wa 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa akisafishwa damu hospitalini Thika, na Nelima akaogopa kwamba mumewe angezikwa kabla ya picha ya harusi kuonekana. Januari mwaka huu Gachau alifunga duka, akakaa na diski yake, na mwezi Februari wakajiona tena mlangoni mwa kanisa, vijana, wenye nyuso za kijani. Ubishi ukabaki wa tai: yeye alisema ilikuwa ya bluu, Nelima akashikilia nyekundu, na mtu huyu ambaye hakuwahi kumkubalia mteja rangi ya kukisia akamwangalia mkewe, akaweka nyekundu. Ndiyo hiyo mnayoiona kwenye karatasi mlizoshika.

Alitutoka Jumanne tarehe 11 Machi 2025, Nelima akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wenzake wa maduka ya Ruiru.

Pumzika kwa amani, baba Maxine, na Nelima ametutuma tukwambie mbele ya watu wote kwamba tai ilikuwa ya bluu.