Mhandisi Nashaat Labib, Aliyeomba Aambiwe

Marehemu Mhandisi Nashaat Labib Hanna alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 mjini Mallawi, mtoto wa kwanza wa Labib Hanna, fundi saa, na Bi. Fahima. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake Raouf, anayesoma wasifu huu.

Alisoma Mallawi, kisha Kitivo cha Uhandisi, Asyut, akahitimu mwaka 1974. Baba alitegemea angerudi dukani kwenye saa. Hakurudi.

Mwaka 1977 aliajiriwa Ras Gharib na kampuni ya kupima visima vya mafuta. Kwa miaka thelathini na minne alikaa wiki mbili kwenye mtambo katikati ya Ghuba ya Suez na wiki mbili nchi kavu. Alishusha vyombo kisimani kwa waya, akasoma mchoro uliotoka na kusema wapi pana mafuta, wapi pana maji. Hakuwahi kuusoma mchoro ili amfurahishe mtu.

"Injinia, tazama tena," msimamizi wa mtambo, Haji Mutwalli, alimsihi siku moja. "Wakubwa wanakuja kesho."

"Ni maji, Haji. Aliyeyageuza kuwa divai kule Kana hakuwa wa idara yetu."

Tarehe 18 Julai 1982 alifunga ndoa na Bi. Nargis Fakhri. Alipostaafu mwaka 2011, Bi. Nargis alihesabu kwamba ameolewa miaka kumi na minne na nusu; iliyobaki ilikuwa ya kampuni.

Baba yetu alifariki tarehe 3 Novemba 1991 na kuzikwa siku hiyohiyo. Marehemu alikuwa mtamboni, akitoboa kisima kwa baruti, na desturi yetu ni kwamba mtu aliyeshika baruti hapelekewi habari za msiba. Raouf akatuma ujumbe: "Wote hatujambo. Baba anakusalimu." Siku ya tisa marehemu aliteremka kutoka mtamboni, akapanda ngazi za nyumbani na redio mpya aliyomnunulia baba mkononi, akawakuta wanawake wamevaa nyeusi.

"Siku nyingine niambie, Raouf," alisema. "Baruti ingesubiri."

Raouf aliahidi.

Tarehe 9 Machi 2024, marehemu akiwa amelazwa hospitalini, daktari mmoja wa Kairo alituita ukumbini, akatueleza. Tukarudi chumbani tukitabasamu.

"Ini limechoka kidogo tu, kaka."

Marehemu aliomba picha ya ini lake, akaiinua kuelekea dirishani, akashuka nayo kwa kidole, taratibu, juu hadi chini.

"Nani kasema ni uchovu?"

"Daktari."

"Huyo tungemwajiri. Angewapokea wakubwa."

Hakuuliza tena. Aliishi wiki kumi zaidi. Mara mbili alianza, "Yustina, binti yangu, nikishaondoka..." na mara mbili Raouf alimkatiza: "Acha maneno hayo, kaka! Wiki ijayo uko nyumbani." Mara ya tatu hakuanza. Yustina hajui baba yake alitaka kumwambia nini, wala hakuna wa kumuuliza.

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, alfajiri.

Ameacha mjane, Bi. Nargis, watoto wawili, Yustina na Rami, wajukuu watatu, na mdogo wake.

Kaka, ilikuwa saratani. Tulijua tangu siku ya kwanza. Bwana akupokee, upumzike.