Mama Enock, Aliyewaita Wagonjwa Warudi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Muuguzi Martina Maduhu, Mama Enock wetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Ni mzaliwa wa Kolandoto, na karibu utumishi wake wote ameufanya katika chumba chetu cha upasuaji wa masikio, pua na koo.

Watoto wa Shinyanga wanamjua. Choroko puani, shanga sikioni, sarafu kooni: vyote vimepita mikononi mwake, na kila mzazi aliondoka na mtoto mzima pamoja na karipio la kumtosha hadi nyumbani. Madaktari nao hawakupona. Dokta Edward, bingwa wetu, aliwahi kurudishwa kunawa mikono upya mbele ya wageni, akaenda akanawa.

Lakini sifa yake kubwa ni kuita. Nusu kaputi ikianza kuisha, Mama Enock huinama sikioni mwa mgonjwa, akamwita kwa jina, polepole, mpaka aitike. Tulikuwa tunamcheka. Mwaka juzi tukaacha.

Alikuja mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, ana vinyama kooni vinavyomziba pumzi. Kadi ya bima ilisema Nasibu. Upasuaji ukaisha salama, Mama Enock akainama: "Nasibu, amka." Namba za hewa kwenye mashine zikashuka. Akaita tena, zikashuka zaidi. Midomo ya kijana ikageuka bluu na, jamani, alikuwa anatabasamu.

Mama Enock akaacha kuita. Akamwachia Dokta Edward mgonjwa, akatoka hadi kwenye benchi alikokaa mke wa kijana, Rebeka.

"Mwanangu, yule mle ndani ni nani?"

Rebeka akaangua kilio, akasema kweli. Mumewe ni Bujiku. Nasibu alikuwa mwenzake wa duara, shimo la dhahabu. Shimo lilipoporomoka mwili wake haukupatikana, likabaki koti lake juu, na kadi mfukoni; Bujiku, asiye na bima, akaitumia.

Mama Enock akarudi mbio, akamwamkia kwa Kisukuma. "Bujiku, mwangaluka! Bujiku, Rebeka anakusubiri." Namba zikapanda. Akafumbua macho.

Sauti ilipomrudia, Bujiku alitusimulia kwamba alikuwa chini duarani, Nasibu ametangulia na tochi. Kila jina la Nasibu lilipoitwa, Nasibu aligeuka akasema, "Tunaitwa, twende," wakazidi kushuka. Dokta Edward anasema koo hukaza baada ya upasuaji wa namna ile, nami namheshimu. Ila mimi Ignas ni fundi wa mitambo. Mashine ile niliipima mwenyewe siku hiyohiyo, ilikuwa nzima. Tangu hapo chumba kile siingii peke yangu, na sioni haya kusema.

Mama Enock, asante kwa mikono yako na kwa ukali wako. Nenda ukalime viazi, uvikaushe, ukawalishe wajukuu michembe, Mungu akupe afya na miaka mingi.

Lakini kuna jambo moja. Vinyama vya Bujiku vimeota tena, na pumzi inambana. Muuguzi Vumilia, anayeshika nafasi yako, yuko tayari kumwita, ila Bujiku amegoma kupanda mezani. Anasema siku hizi Nasibu humwita ndotoni kwa jina lake halisi, na humwita kwa sauti yako.

Tunakutakia mapumziko mema, mama yetu. Siku ya upasuaji njoo, tafadhali, na ukimwita umshike mkono, ajue ni wewe.