Mzee wa Taa na Faili la Dakika Tisa

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta wa hospitali yetu, tunayemwita Mzee wa Taa, anastaafu rasmi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, karani wa mapokezi, niandike wasifu wake. Haikuniuliza kama tunaelewana.

Alianza kama fundi wa mashine za kuchapa, akapanda ngazi hadi akakabidhiwa chumba cha seva, zile kompyuta kuu za hospitali. Haki yake tumpe: ndiye aliyezigeuza kompyuta zetu kuwa kompyuta pepe, yaani za programu tu, zikaishi ndani ya seva tatu, na data ikahifadhiwa kwenye seva zote tatu kupitia mtandao. Ukiingiza jina la mgonjwa, sharti zote tatu ziitikie ndipo uendelee. Mambo yakawa safi, kwa mwezi mmoja hivi.

Kisha faili la mgonjwa likaanza kuchukua dakika tisa kufunguka. Wagonjwa wakawa wananitazama kana kwamba daktari nimemficha mfukoni. Mzee akazima, akawasha. Akaongeza memori. Mwishowe akatoa uamuzi wa kitaalamu: karani anabonyeza vibaya! Akaniandikia barua ya onyo, na baada ya miezi sita, ya pili. Ya tatu, kwa taratibu zetu, ni kufukuzwa, na wadogo zangu wawili ni mimi ninayewasomesha.

Mwezi Machi fundi mpya akaamua kupima mtandao badala ya kupima vidole vyangu. Seva mbili zilijibu papo hapo; ya tatu ilijikongoja, na zile mbili zikabaki kuisubiri. Akaufuata waya wake hadi ofisini kwa Mzee, kwenye swichi kuukuu ya mtandao juu ya kabati, kisanduku cha kuunganishia nyaya kilichopitisha data kwa mwendo wa kobe. Kumbe Mzee aliupitisha huko makusudi, ili wageni wake waone taa zinamemeteka na wajue kazi inaendelea. Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Waya ulipohamishwa, faili lilifunguka kwa sekunde mbili.

Siku ile, Mzee wetu, ulicheka sana, ukasema ni mambo ya kawaida kazini, ukatuagizia soda. Barua hukuzifuta. Bado zimo kwenye jalada langu, na mwenye mamlaka ya kuzifuta ni wewe tu uliyeziandika, mpaka saa kumi jioni ya leo. Nimeshakuchapia hati ya kuzifuta. Iko kwenye kiti chako, kalamu juu yake.

Asante kwa miaka yote. Tunakutakia afya tele na pumziko jema, ukishatia sahihi.