Sesilia Kokushubila na Gari Lililoinama

Marehemu Sesilia Kokushubila alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Muleba, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gaspar na Mama Filomena. Ujanja ulianza mapema. Alipokatazwa kutia mguu jikoni, alikaa kizingitini akachota maharage kwa upawa alioufunga kwenye fimbo. "Mguu uko nje, mama," alijitetea. Mama alicheka mpaka akasahau kumchapa.

Alisoma Bukoba, kisha uhandisi wa mitambo Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2003. Alifundisha michoro ya ufundi katika chuo kimoja Temeke hadi alipougua. Jumamosi zake zilikuwa za gereji Tabata, na huko ndiko alikokutana na Augustine, dereva wa mashindano. Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 2007, bibi harusi akiwa na grisi kwenye kucha.

Kanuni za klabu yao ya mashindano zilitaka kibao cha mbao kipite chini ya gari likiwa limesimama, ili lisiwe chini mno. Likikimbia je? Hapakuwa na neno. Sesilia alifunga springi laini na bawa pana nyuma. Likisimama, kibao kilipita bila kugusa. Likikimbia, upepo ulilikandamiza likainama, likang'ang'ania lami kwenye kona ambazo wengine walikanyaga breki. Februari mwaka huu Augustine alishinda Tegeta, akawaacha wenzake mbali, na familia nzima ikapiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Washindani wakakata rufaa kwamba wameibiwa.

Wakati huo figo zilikuwa zimemchosha. Neno "wizi" lilimuuma kuliko sindano. "Mie siondoki kabla hawajasema," alimwambia mdogo wake Isack. Tarehe 2 Mei 2025 Isack alimsomea uamuzi: ushindi ni halali, ila msimu ujao gari litapimwa likiwa kwenye mwendo.

"Kwa hiyo sikuiba," alisema, akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Kisha akaomba asomewe tena kanuni mpya, polepole. "Mwambieni Augustine aangalie magurudumu."

Alifariki kesho yake saa nne asubuhi.

Ameacha mama, mume, binti yake Tekla, na mdogo wake Isack anayesoma wasifu huu. Jana, watu wakiwa wamejaa msibani, Augustine na Tekla walikwenda gereji kuyaangalia magurudumu. Walirudi wakilia na kucheka. Wamekiona alichokiona kwenye kanuni mpya, na hawatasema mpaka Agosti, msimu utakapoanza.

Pumzika kwa amani, dada. Mguu uko nje.