Papa Félicien na Ng'ombe Waliokonda Baada ya Kuzaa

Tarehe 30 Septemba 1986 Papa Félicien Sangwa anaiaga Ferme ya Mulembwe, shamba letu la ng'ombe wa maziwa, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Kwenye karatasi za Serikali, tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku, anaitwa Citoyen, yaani Raia, Sangwa wa Kalunga. Zizini jina lile la zamani, Félicien, halikutoka vinywani mwetu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuacha kuliitikia.

Alishuka kutoka milima ya Moba wakati mji wetu ungali ukiitwa Albertville, kijana mwenye diploma ya ufugaji na koti zito la baridi ambalo hapa kando ya ziwa halikumfaa kitu. Pamoja na diploma yake walimwanzisha kwa kuosha ndoo. Aliziosha vizuri, akawa mkamuaji, kisha akakabidhiwa malisho ya zizi zima.

Lakini mwaka tunaoukumbuka zaidi ni 1978, shamba lilipopokea ng'ombe wapya wa maziwa mengi. Furaha yetu haikudumu. Ng'ombe alizaa, akajaza ndoo hadi tukashangaa, na kabla ya mwezi wa pili kwisha mbavu zikaanza kuonekana. Hamu ya kula ilikuwa haijamrudia sawasawa, huku kiwele kinadai, kwa hiyo mnyama aliyeyusha mafuta ya mwili wake ili atupatie maziwa. Tena hakutaka dume, na bila mimba hakuna maziwa ya mwaka unaofuata. Direkta wetu, Papa Damien, aliamua waliokonda wapelekwe kwa mchinjaji. Wa kwanza awe Duchesse.

Papa Félicien alikuwa amemzalisha Duchesse kwa mikono yake. Alikwenda biro, ofisini kwa direkta, kofia mkononi, akaomba Duchesse asubiriwe mpaka mvua ziishe. Alieleza kwamba majani hayakosekani, ila tumbo la ng'ombe aliyetoka kuzaa halichukui ya kutosha. Anahitaji chakula kidogo chenye nguvu nyingi, yaani mafuta. Direkta alimuuliza itakuwaje akishindwa.

“Kama nimeshindwa,” alijibu, “nitamupeleka Duchesse kwa muchinjaji miye mwenyewe.”

Alianza na mawese. Shamba halikuwa na akiba, basi siku za kwanza mawese yalitoka jikoni kwake, bila mke wake kuarifiwa. Mama Adrienne alikuja hadi getini na mtungi mtupu, akauliza kwa upole ni ng'ombe gani aliyealikwa kula nyumbani kwake. Wakamuaji walicheka mpaka maziwa yakamwagika. Mama Adrienne hakucheka, ila aliondoka na mtungi umejaa maziwa, na mambo yakaisha.

Jaribio lenyewe halikuchekesha. Kwa kutaka matokeo ya haraka, Papa Félicien alimimina mawese mengi mno kwenye pumba za mahindi. Kinyesi kikawa maji. Sisi wa chumba cha maziwa tulipima krimu tukakuta imepungua badala ya kuongezeka. Duchesse alilala chini, akageuza uso kila alipoletewa chakula. Mama Bertille, mkuu wa wakamuaji, alimtazama ng'ombe, akamtazama Papa Félicien.

“Papa, weye unakaanga huyu ngombe na angali muzima,” alisema.

Hakubishana naye. Aliondoa mawese yote, akaleta majani makavu na maji, akakaa kando ya yule mnyama akimlisha kwa mkono. Habari zilikwisha kufika biro, na mchinjaji akaitwa. Alipofika, Duchesse alikuwa amesimama, anatafuna, ingawa miguu ilitetemeka. Papa Félicien alimgeukia direkta mbele yetu sote.

“Nilikosea kipimo,” alisema. “Njia sikukosea.”

Papa Damien akamwomba mchinjaji radhi kwa kumsumbua.

Ndipo Papa Félicien alipopanda treni hadi Kongolo, kunakolimwa pamba, akarudi amekalia magunia ya mbegu za pamba. Alitufafanulia kwamba mbegu nzima hubeba mafuta ndani yake na kuyatoa polepole tumboni, wala hayayafuniki majani yakashindwa kusagika, kama mawese yalivyofanya. Safari hii alikwenda taratibu: kiasi kidogo kwanza, majani mengi kabla yake, kuongeza pale tu kinyesi kikiwa kizuri. Ndama hakuwapa hata punje, kwa kuwa zinawadhuru. Mama Bertille alikagua kila ndoo, na kila mara alipokunja uso, kipimo kilipunguzwa.

Mvua zilipokwisha, mbavu za Duchesse zilikuwa zimefunikwa. Krimu ya maziwa yake iliongezeka, na asubuhi moja akaanza kuwapanda wenzake, alama ya kutaka dume ambayo zizi zima lilikuwa likiingoja. Alishika mimba. Papa Damien alikuja, akaegemea uzio muda mrefu.

“Wengine pia,” alisema, akarudi biro.

Hakuna hata mmoja wa wale waliokonda aliyepelekwa kwa mchinjaji. Mabinti wa Duchesse wanakamuliwa hadi leo, na maziwa yao hufika kila siku kwa watoto waliolazwa hospitalini mjini. Wafugaji wa Nyunzu na Kabalo wamekuja kujifunza hapa, na kila mara Papa Félicien huanza kwa kuwasimulia lile kosa la mawese, ili wasilirudie. Malisho sasa yako mikononi mwa Mama Louise, ambaye amekwisha kuanza kujaribu mashudu ya karanga.

Papa Félicien, tunakushukuru kwa moyo wote, wewe na Mama Adrienne. Nendeni salama Moba. Koti lile sasa litafaa. Tunawatakia afya, amani na asubuhi zisizo na haraka, na katika chai yenu maziwa mazito, yaliyokamuliwa na mtu mwingine.