Chumvi Tulimpa Ng'ombe

Kijiwe cha Majengo, mjini Moshi, kina benchi moja la mbao, limeegemea ukuta wa duka la dawa, chini ya dirisha la wavu. Mguu mmoja ulikatika zamani, ukawekewa tofali, na kila anayekaa upande huo anajua akicheka sana atawaangusha wenzake. Sifael, Mpare wa Same, hutua hapo na birika lake la kahawa saa mbili asubuhi, na ikifika saa nne nchi nzima imeshatawaliwa upya. Ila Ijumaa hiyo hakuna aliyecheka. Redio ndogo ya Sifael ilikuwa imetangaza kwamba watafiti waliozunguka vijiji vya mlimani wamegundua kuwa magadi, haya haya tunayotia kwenye kiburu ili ndizi na maharage vilainike, yanapandisha presha. Magadi, jamani! Bora wangesema maji.

Mzee Ebenezeri aliwakuta wameshaanza. Alikuwa ameteremka kutoka Uru, huko mlimani, kuchukua dawa za mkewe. Akaacha cheti kwa binti mgeni wa dukani, akaja kusubiri benchini na kikapu chake mapajani. Pale kijiweni wanamwita Mizani, kwa kuwa alipima kahawa kwenye chama cha msingi miaka thelathini na mmoja, na hakuna mkulima aliyewahi kumlalamikia hata robo kilo. Mkewe, Eliona, ambaye wote wanamwita Mama Hellen, alipigwa na kiharusi mwaka jana kabla ya Pasaka. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, na kumeza kukawa kazi. Tangu hapo anayepika ni Mizani. Mzee wa miaka sabini na mbili, wa Kichagga, jikoni! Wanaume wa Uru walimcheka, naye akawaambia wacheke polepole wasipaliwe. Hata asubuhi hiyo alikuwa ameamka alfajiri, akapika kiburu, akamwachia jirani yao Priska amlishe mgonjwa. Na cheti alichoshuka nacho kilikuwa kimeongezwa dawa kwa mara ya tatu, maana presha ya Mama Hellen haitaki kushuka.

– Magadi! alifoka, akijitupa upande wa tofali mpaka benchi zima likainuka. Magadi aliyokula bibi yangu! Magadi aliyonilelea mama yangu! Leo ndiyo yamekuwa sumu?

– Hawajasema sumu, Mizani, alisema Zaheer. Wamesema yanapandisha presha.

Zaheer ana duka la vipuri vya pikipiki ng'ambo ya barabara. Familia yake iko Majengo tangu babu wa babu yake, na wanamwita Spana kwa sababu hakuna habari asiyoifungua mpaka nati ya mwisho.

– Presha na sumu vina tofauti gani? Vyote si vinaua?

– Mimi nauliza hivi, alidakia Sifael akimimina kahawa. Hao watafiti wenyewe wanakula magadi? Hawali. Sasa watajuaje? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

– Umenena, Mpare, alisema Mizani. Ninyi na kesi zenu, leo umeongea bila kumpeleka mtu mahakamani.

– Bado. Nikimaliza kikombe hiki nawapeleka.

Wenseslaus akakohoa. Huyu alikuwa mpagazi, kisha mwongoza watalii, miaka ishirini na minne juu ya mlima, na jina lake la kijiweni ni Kibo. Akikohoa hivyo, jua anataka uwanja wote.

– Ninyi mnazunguka tu. Wanalitaka ziwa.

– Ziwa gani tena?

– La magadi! Sikilizeni. Wanatutisha, tunaacha magadi, ziwa linabaki halina mwenyewe. Anakuja mtu na treni, anabeba lote. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Kibo, hiyo si maana yake.

– Maana yake nini basi? Mgeni amekuja, mwenyeji amepona? Amepata presha!

– Mnakosea wote, alisema Spana. Hii ni kazi ya watu wa chumvi. Jiulizeni, tukiacha magadi, chakula kinakuwa chapwa. Kikiwa chapwa utaongeza nini? Chumvi! Sasa nani anafaidika?

– Aa, chumvi kwangu haikanyagi, alisema Mizani, na kifua kikamtoka mbele kidogo. Daktari aliposema acheni chumvi, sikumjibu hata neno. Nilitoa chumvi yote nyumbani, nikampa ng'ombe. Mwaka mzima Mama Hellen hajaonja punje. Hata kwenye yai.

– Mwanaume huyo! alisema Sifael. Wengine hapa wanaficha chumvi mfukoni.

– Na presha? aliuliza Spana.

– Presha haishuki.

– Na hana chumvi?

– Hata punje! Sasa si unaona? Dawa zao ndizo mbovu. Zimewashinda, wanatafuta pa kutupia lawama, wameona magadi hayana mtetezi.

Wakaafiki wote kwa pamoja, na hapo hasira ikapanda daraja. Sifael akakumbusha kwamba mayai yaliwahi kukatazwa, kisha yakaruhusiwa. Spana akasema redioni wametaja watu mia tatu, na yeye hakuulizwa, mkewe hakuulizwa, hata paka wake hakuulizwa, basi hao mia tatu ni wa nchi gani? Kibo akasema yeye ana ushahidi wa migongo. Wapagazi waliolelewa na kiburu cha magadi walibeba mizigo mpaka kambi ya Horombo wakiimba, na hawa wa siku hizi wanaokula chipsi wanaanza kuhema getini. Magadi yananyoosha uti wa mgongo, yanafukuza baridi kwenye mifupa, na kama presha ni ugonjwa wa damu kuchemka, basi dawa ya moto ni moto: mgonjwa aongezewe magadi!

– Mnataka ushahidi mwingine? aliendelea Kibo. Babu yangu. Alikula magadi maisha yake yote. Amekufa ana miaka tisini na nane, meno yote yamo mdomoni.

– Alikufa na nini? aliuliza Mizani.

– Hakuumwa! Aliamka vizuri, akaenda kumkatia ng'ombe majani, akaanguka mgombani. Tulimkuta mdomo umekwenda upande kidogo, mkono mmoja hauinuki. Siku ya tatu akatutoka. Kifo cha uzee, safi kabisa.

Mizani alikuwa ameinua kikombe. Akakishusha bila kunywa. Wengine hawakuona kitu, walikuwa wanatingisha vichwa kumsifu marehemu. Yeye aliuona ule mdomo. Aliuona kila asubuhi, alipokuwa akimfuta mkewe kwa kitambaa.

– Meku, mzee wangu, mbona umenyamaza? aliuliza Kibo. Au umewaamini hao watu wa redio?

– Niwaamini! alisema Mizani, na sauti yake ikapanda ghafla hadi mpita njia mmoja akageuka. Mimi nawajua hao! Walikuja kwangu, kihambani, kwenye migomba yangu, mwaka mmoja kabla mke wangu hajaanguka. Vijana wanne na gari jeupe. Wakamfunga mkono, wakampima presha. Wakampa galoni la lita tano. Mama, mkojo wako wote wa leo mpaka kesho asubuhi, tia humu, usimwage hata tone. Na siku hiyo ilikuwa ibada ya wanawake! Mke wangu, mama wa kwaya, akaenda usharikani na galoni kwenye kikapu, amelifunika kwa kanga. Kwa heshima ya wageni! Wakala ndizi zetu, wakasifu, wakatuachia mche mmoja wa sabuni. Wakasema, majibu tutawaletea.

– Wakaleta?

– Yameletwa leo! Kwa redio! Na wewe umeyasikia, na Mpare ameyasikia, na mwenye galoni yuko kitandani hajui!

Spana, ambaye huwa hakosi nati ya kufungua, akasema taratibu:

– Kwa hiyo Mama Hellen ni mmoja wa wale mia tatu.

– Ndiyo! Walijua kilichokuwa kwenye lile galoni. Wameandika, wamechora na mistari yao. Kupanda Uru dakika arobaini kuja kuniambia neno moja tu, wakashindwa. Neno moja, Spana! Mimi nikipima kahawa ya mtu nilikuwa namwambia hapo hapo kilo zake, anasimama mbele yangu anaona mshale. Nisingethubutu kumtangazia miaka miwili baadaye.

Sifael akajitia kupuliza makaa.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka Disha na mfuko wa karatasi mkononi. Ndiye yule binti mgeni, mpwa wa mwenye duka. Alikuwa na wiki moja tu Moshi, ametokea Tanga.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, binti.

– Babu, dawa za bibi hizi. Hii mpya ni moja kila jioni. Akasita. Samahani, dirisha liko wazi, nimesikia mliyokuwa mnaongea. Nyumbani nani anampikia bibi?

– Mimi mwenyewe, alijibu Mizani.

– Hongera, babu. Na magadi unamwekea?

– Lazima. Bila magadi maharage hayalainiki, anapaliwa.

– Unaweka kiasi gani?

Kibo akapiga goti lake.

– Binti, hapo umemuuliza mwenyewe! Huyu ndiye Mizani. Miaka thelathini na mmoja anapima! Mtajie, meku. Mtajie mpaka gramu.

Wote walikuwa wanamtazama Mizani. Akatazama kikapu chake.

– Kwa mkono tu, alisema.

– Mkono kiasi gani, babu?

Akatoa kikapuni kifurushi cha gazeti alichonunua sokoni asubuhi hiyo, magadi ya kupondwa. Akakifungua kwa uangalifu, akakinga kiganja cha kushoto.

– Zamani, akipika mke wangu, ilikuwa hivi. Akatia kidogo, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole. Halafu daktari akasema tutoe chumvi. Nikatoa. Chakula kikawa chapwa, akawa anaisukuma sahani. Nikaongeza ili apate ladha.

Akamimina tena. Katikati ya kiganja hakukuonekana ngozi.

– Akaanza kupaliwa. Nikaongeza kilainike zaidi.

Akamimina tena, magadi yakafika kwenye mikunjo ya kifundo cha mkono, mengine yakadondoka kwenye suruali yake. Akaacha kumimina, lakini alikuwa hajamaliza, kila mtu aliona kwamba hajamaliza.

– Kila siku? aliuliza Disha.

– Mchana na jioni.

Disha akachuchumaa mbele yake, wakawa sawa kwa macho.

– Babu, kile kitu kinachopandisha presha ndani ya chumvi, kwenye magadi nacho kimo.

Mizani akatazama kiganja chake. Alikitazama kama alivyokuwa akiutazama mshale wa mizani, akisubiri utulie.

– Lakini waliniambia chumvi, alisema. Mara nne nimempeleka kliniki. Mara nne wamesema, mzee, chumvi. Hakuna hata mmoja aliyesema magadi. Chumvi si tulimpa ng'ombe?

Alikuwa anauliza kweli. Alimtazama Spana, akamtazama Sifael, akamtazama Kibo.

– Wahenga walisema... alianza Kibo.

– Nyamaza, Wenseslaus, alisema Sifael.

– Walipaswa kukuambia, babu, alisema Disha. Hilo ni kosa lao, si lako. Maharage yaloweke tangu jioni, asubuhi umwage maji yake, uchemshe kwa moto mdogo mpaka yapasuke, kisha uponde. Ladha mpe kitunguu na ndimu. Na Jumatatu mpeleke kliniki apimwe tena, uwaeleze habari ya magadi kama ulivyonionyesha hapa. Hivyo hivyo, kwa kiganja.

Mizani aliitikia kwa kichwa kila neno. Akayarudisha magadi kwenye gazeti, punje kwa punje, akakunja, akakiweka kifurushi kwenye benchi mbali na kikapu. Kisha akashtuka.

– Saa ngapi sasa?

– Saa sita kasorobo.

Akaipapasa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni.

– Priska! Usimpe Mama Hellen kile kiburu. Nasema usimpe, mpe uji, kile kwenye sufuria kimwage... Nini?

Akasikiliza. Redio ya Sifael ilikuwa inapiga kwaya, Spana akanyoosha mkono akaizima.

– Chote?

Akasikiliza tena. Kisha akasema ahsante, mama, Mungu akubariki, akaishusha simu.

– Vipi, Mizani? aliuliza Sifael.

– Amekula mapema. Sahani nzima. Mama Hellen anasema niambiwe ahsante. Anasema leo kimelainika kuliko siku zote.