Bwana Mita, Aliyetaka Kujua Anashukiwa Nini

Tunayemzika leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka mwisho, kilomita mbili tu kutoka hapa tuliposimama. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa kibarua wa reli na mfuaji nguo wa hospitali, wote wawili sasa marehemu. Chumba tumekitaja kwa makusudi. Maisha yake yote watu weupe wa jiji hili walimuuliza ametoka wapi, naye akawaonyesha kwa kidole.

Alianza shule mwaka 1963, katika darasa la watoto arobaini ambamo weusi walikuwa wawili. Ubishi alikuwa nao tangu wakati huo. Sisi wadogo zake tulikula viboko vyetu tukanyamaza. Yeye aliuliza kwanza amekosa nini, akaongezewa viwili. Kutoka hapo alikwenda chuo cha ufundi na mwaka 1976 akapata cheti cha ufundi bomba.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane na iliyompa jina la Bwana Mita. Wasoma mita wakikuta geti limefungwa huruhusiwa kukadiria: wanatazama nyumba ilivyo, wanaandika namba inayofanana nayo, wanaondoka. Yeye hakukadiria hata siku moja. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka amefunguliwa, amepiga magoti na kuisoma mita mara mbili. Mbwa wa mitaa ya matajiri walimzoea wote. Polisi wa doria ndio hawakumzoea.

Hapo ndipo yalipoanzia yaliyomsumbua hadi mwisho. Alisimamishwa mara kwa mara akiwa na sare ya kazi na mfuko wa idara begani, mtaa ule ule, na pengine askari yule yule, huku wenzake weupe wakipita na mifuko kama wake bila kuulizwa lolote. Mwaka 1991 alikwenda maktaba ya mahakama akaisoma sheria mwenyewe. Ilisema askari anaweza kudai kitambulisho akiwa na sababu ya kumshuku mtu, na mtu huyo ana haki ya kuambiwa sababu. Tangu siku hiyo kila aliposimamishwa alijibu kwa upole, "Afande, unanishuku kwa lipi? Niambie, nami nitakupa." Kwa sentensi hiyo alilala mahabusu mara sita. Mara ya nne ilikuwa siku ya mahafali ya binti yake mkubwa, na kiti chake kikabaki kitupu. Binti alimnunia mwaka mzima, na hatutasema kwamba hakuwa na haki ya kununa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mita ya karakana yake ilipaswa kusomwa mara moja kwa mwezi. Septemba 1979 ilisomwa mara tatu kwa wiki moja, na bosi wa karakana akajua lipo jambo. Walioana Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1980, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Walielewana kwa kila kitu isipokuwa hili moja. Mama huyu alikuwa na watoto watatu wa kulisha na hakutaka ushujaa. Miaka thelathini na zaidi alimsihi mumewe atoe tu kile kitambulisho yaishe, arudi nyumbani mzima. Mwaka 2021, tayari mstaafu, Bwana Mita alipoishtaki polisi kwa kuwasimamisha watu kwa sababu ya rangi yao, mama hakusema naye kwa siku tisa.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 6 Mei mwaka huu, alizidiwa. Binti mkubwa aliendesha gari kwenda hospitali, wazazi wakakaa nyuma. Karibu na daraja, saa nne na dakika kumi, wakasimamishwa. Magari mengine yaliendelea kupita. Askari alidai vitambulisho vya wote, na mama akasubiri kwa hofu swali analolijua. Halikuja. Bwana Mita, pumzi zikimkatika, aliingiza mkono mfukoni akatoa kitambulisho chake kabla ya mtu yeyote.

Askari alikigeuza mbele na nyuma. "Hiki umekipata wapi, mzee?"

"Hapa hapa nilipozaliwa."

Askari alikichukua akaenda nacho kwenye gari lake kukihakiki. Binti alimfuata akamwambia baba yake anaumwa moyo. Akaamriwa arudi ndani ya gari. Dakika ishirini na tano mama alikaa amemshikilia mumewe kifuani, akihesabu pumzi zake. Kitambulisho kikarudishwa dirishani.

Daktari ametuambia kwamba dakika hizo hazikumuua; moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Tunaliandika hapa, ingawa linatuuma, kwa sababu mwenyewe asingekubali tukadirie.

Siku mbili kabla ya kufariki, mbele ya watoto wote, alimwambia mkewe aiache kesi ife naye, kwa kuwa mama amechoka vya kutosha kwa ajili yake. Mama alimnyooshea shuka kwanza.

"Baba watoto, miaka yote nilikwambia utoe yaishe. Umetoa. Nimeona kwa macho yangu, hayakuisha. Nitakwenda mimi."

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na kesi moja itakayosikilizwa Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Wakili amethibitisha kwamba mahakama imemkubali mjane kusimama mahali pake. Mama anaomba yeyote atakayeweza aje akae naye.

Kaka yetu, pumzika kwa amani. Hapa ulipo hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.